Nionyeshe Upepo

Kwa miezi saba ufunguo wa gari la mdogo wangu ulikaa katika mfuko wa kanzu ya baba. Aliswali nao, alilala nao, na kila kanzu ilipokwenda kufuliwa ufunguo ulihamia kanzu nyingine kabla sabuni haijagusa maji. Mimi nilikuwa nasomesha fizikia skuli ya wasichana hapo Ibra, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kwa mazoea ya kazi yangu niliamini kila jambo lina sababu yake na kipimo chake, kwa hiyo baba angepoa baada ya wiki mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na bado sikuwa nimemjua baba yangu.

Mdogo wangu alikuwa akishindana kwa magari. Usifikirie yale magari bapa ya kwenye televisheni yanayozunguka uwanjani. Lake lilikuwa gari dogo la Kijapani la mtumba, limeng'olewa viti vya nyuma na kutiwa vyuma ndani, na mashindano yao yalikuwa ya kupanda mlima: barabara hufungwa asubuhi, magari huondoka moja moja, na anayefika juu kwa muda mfupi kuliko wenzake ndiye mshindi. Msimu huanza joto likivunjika na huisha joto likirudi. Mwisho wa msimu uliopita, upande wa Nizwa, alipokuwa akivuka tuta kwa kasi, gari liliinua pua, likaacha barabara, likatua kwenye mawe ya wadi, yaani mto mkavu. Alivunjika mtulinga na mbavu mbili. Baba alikaa naye hospitali siku nne na hakusema neno ila "kunywa maji". Alipokabidhiwa mfuko wa nguo za mwanawe, akaupekua, akautoa ufunguo, akautia mfukoni mwake.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mama alisema siku tuliyomrudisha nyumbani, huku analia.

"Mie sikumwambia kitu," baba akajibu. "Ndiyo maana guu lake zima."

Joto lote la mwaka ule mdogo wangu na fundi wake walilitengeneza gari bila ya ufunguo, wakilisukuma kila lilipohitaji kusogea. Fundi alikuwa mtu wa Kerala, mwenye gereji sanaiya, ule mtaa wa magereji nje ya mji, na hakuwahi kuuliza ufunguo uko wapi. Walinyoosha bodi, wakapiga rangi nyeupe, na nyuma wakafunga bawa kubwa la bati lililokuwa ubao wa duka la mshona nguo. Ukiinama ungeweza kusoma, kwa chini, nusu ya tangazo la abaya. Mdogo wangu alilipenda lile bawa kupita kiasi. Nilimkuta siku moja analifuta vumbi kwa kilemba chake cha Idi.

Mwezi wa Septemba, wiki sita kabla ya mashindano ya kwanza, alimfuata baba barazani baada ya swala ya alasiri. Mimi nilikuwa pembeni nasahihisha madaftari.

"Baba, msimu umekaribia."

Baba alikuwa mtu wa Unguja mjini, amekuja Oman mtu mzima, akafanya kazi wizarani mpaka akastaafu. Alikuwa hapandishi sauti. "Hilo gari lako lilianguka kwa sababu gani?"

"Upepo, Baba. Uliingia chini ukaliinua."

"Na sasa?"

"Sasa tumeshatengeneza. Upepo utapita juu."

"Haya, vyema. Nionyeshe upepo." Mdogo wangu alinitazama, mimi nikatazama daftari. "Nikiuona kwa macho yangu wapita juu, nakupa ufunguo wako leo hii. Nisipouona, ntazikwa nao. Mie siogopi gari, mwanangu. Gari n'naliona. N'naogopa hicho nisichokiona."

Nilicheka peke yangu jikoni. Lilikuwa ombi la kipuuzi, na wakati huo huo, ilibidi nikubali, lilikuwa ombi la pekee la kisayansi lililowahi kutolewa nyumbani kwetu. Wenye magari ya mamilioni huko Ulaya hufanya hivyo hivyo kabla ya msimu: wana jumba zima lenye feni kubwa kuliko nyumba, wanaliweka gari mbele yake na kutazama upepo unavyopita. Sisi tulikuwa na feni ya sebuleni iliyokuwa inazunguka kwa kulalamika. Usiku mdogo wangu hakula. Alikaa tu, mkono juu ya mtulinga wake, kisha akasema, "Dada, wewe si ndiye mwalimu?"

Basi nikawa mwalimu.

Njia rahisi kuliko zote ni nyuzi. Unabandika vipande vya nyuzi mwili mzima wa gari kwa selotepu, gari linakwenda, wewe unatazama kutoka gari jingine. Uzi ukilala, upepo unapita vizuri. Ukichezacheza, upepo umechanganyikiwa. Ukielekea mbele badala ya nyuma, hapo upepo unarudi ulikotoka na una jambo. Nyuzi tulikuwa nazo, kwa sababu mama alikuwa anashona kofia, zile za Kiomani za kutarizi, na sanduku lake la nyuzi lilikuwa halifunguliwi na mtu mwingine.

"Gari rangi gani?" aliuliza.

"Jeupe, Mama, unalijua. Tupe nyekundu tu zionekane."

"Nyekundu tupu juu ya nyeupe? Mtu atadhani limechinjwa." Akatoa kijani, kahawia na rangi ya zafarani, akatoka uani na sanduku lake, akaanza kupanga nyuzi kwa safu kama anavyopanga kwenye kofia. Kila nilipobandika mmoja umekwenda upande, aliubandua. Nilimwambia upepo haujali mpango. Akasema upepo hautaonekana barabarani na watu, gari ndilo litakaloonekana, na gari ni la mwanawe. Ilituchukua kutwa nzima. Jioni gari lilikuwa limependeza hata fundi akaomba kulipiga picha apeleke kwao.

Baba aliutoa ufunguo kwa mara ya kwanza tangu hospitali, akampa fundi, na akasimama mlangoni mpaka fundi alipowasha gari. "Mwendo wa mwenye akili," akamwambia. Mdogo wangu alipewa pikapu ya fundi, akanuna. Mimi nilikaa pembeni yake na kamera na daftari. Mama akajipachika katikati yetu, kwa sababu nyuzi zilikuwa zake.

Tukaishika barabara ya kwenda Sur, penye unyoofu mrefu. Kwa dakika kumi niliona mambo ambayo sijawahi kuyaona darasani. Kwenye boneti nyuzi zimelala kwa adabu. Juu ya paa vile vile. Kwenye kioo cha nyuma zinaruka kama zimepagawa, na zile zilizo mbele ya bawa, lile bati la mshona nguo, zimeelekea mbele kabisa. Bawa halikuwa likifanya kazi yoyote. Na lau lingefanya kazi, lingeibana nyuma na kuinyanyua pua, yaani ugonjwa ule ule uliomtia wadini. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mdogo wangu jambo hili mbele ya mama pale pikapu moja ilipotupita kwa kasi, ikampigia honi fundi, ikamwashia taa, ikamziba njia mpaka akasimama.

Tulipofika tulimkuta mzee mmoja ameshashuka, ndevu nyeupe, fimbo chini ya kwapa, anaondoa nyuzi. Alikuwa anaziondoa kwa mikono miwili, upesi na kwa moyo safi. Upande mmoja wa gari ulikuwa umekwisha. Fundi alikuwa amesimama kando, hajui amzuie vipi mtu wa umri ule.

"Watoto wamekuchezea, bwana," mzee alimwambia mdogo wangu kwa Kiswahili mara alipotusikia tunasemezana. Alikuwa amekulia Tabora. "Gari yote imejaa uchafu. Hii inapunguza spidi, unajua? Nimekusafishia."

"Uchafu!" mama akasema.

"Usijali, mama, namalizia."

Na akamalizia. Angekuwa mtu mbaya tungemgombeza. Lakini katika nchi ile gari haliwezi kusimama kando ya barabara bila ya mtu kuja kukusaidia, utake usitake, na aliyekusaidia humwachi aende hivi hivi. Mama akatoa chupa ya kahawa na tende. Mzee akauliza habari za nyumbani, za mvua, za mifugo ambayo hatuna, na ikagundulika kuwa shemegi yake alisoma na mjomba wetu. Akaondoka baada ya saa nzima akituombea dua. Mama aliziokota nyuzi zake kwenye mchanga, mmoja mmoja.

Nilichokiona nilimwambia mdogo wangu njiani kurudi. Ibra baba alikuwa bado mlangoni, akautaka ufunguo kwa fundi, ukarudi mfukoni. Siku ya pili nilikuta bawa limefunguliwa na kuegemezwa ukutani gerejini, na yeye na fundi wamelala chini ya pua ya gari wanafunga kipande kipana cha mpira, kilichokatwa kutoka kizuia tope cha lori, kikining'inia chini ya bampa kwa upana wote. Hilo lilikuwa wazo langu. Upepo ukikuta ukuta huo chini, unalazimika kupanda juu. Nikamchorea baba kila kitu kwenye karatasi, mishale ya bluu na mishale myekundu. Aliitazama kwa heshima kubwa.

"Umechora vizuri. Nyuzi nimezielewa," akasema. "Upepo je?"

"Nyuzi ndizo upepo wenyewe, Baba."

"Nyuzi ni nyuzi." Akanirudishia karatasi. "Nimekwambieni nataka kuuona."

Nilikasirika, sitaficha. Nilibamiza mlango. Wiki zilikuwa zimebaki tatu, mdogo wangu ameshalipia nafasi yake, ameshaacha kulala, na mzee wa watu anataka kuona kitu ambacho Mwenyezi Mungu mwenyewe amekiumba hakionekani. Kilichonishinda zaidi ni kwamba ipo njia. Moshi unaupaka upepo rangi. Ukiwa na moshi mzito na upepo wa kutosha, mtu yeyote anaweza kuchuchumaa na kuona kila kitu.

Upepo ulikuwa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani. Ibra kuna mtaa wa zamani uliohamwa, nyumba za udongo za ghorofa zilizojengwa na matajiri wa zama hizo na sasa zinabomoka, na baina ya nyumba mbili kuna kichochoro ambacho kila alasiri hupitisha upepo wa jangwani kwa nguvu ya kuvua mtu kilemba. Kilikuwa na upana wa gari moja, vioo vya pembeni vikikunjwa. Moshi nao ulikuwa nyumbani. Tulijaribu ubani kwanza, moshi wake mwembamba, upepo ukaula. Ikabaki udi wa mama, ule anaoupika mwenyewe kwa sukari na mawaridi na mafuta, unaotoa moshi mweupe mzito kama tui.

"Udi wangu," mama alisema. "Kwa bampa."

Lakini akautoa, na chetezo chake cha udongo cha Bahla, na mkaa.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kujifunza tu, baba hakuitwa. Mdogo wangu alileta wenzake wanne wa kazini kulisukuma gari mpaka ndani ya kichochoro, yeye mwenyewe amekaa kwenye usukani. Vijana walifanya kazi nzuri. Gari liliingia sawasawa, sentimita chache kila upande. Wakakaa kwenye kizingiti wapumzike, nikawapa kahawa na halua, nikawaomba wangoje kidogo, tutawahitaji kulisogeza. Kisha mama akaja na chetezo kinafuka.

Ilinijia akilini, ila kwa kuchelewa. Kwetu udi ni kitu cha mwisho. Mgeni hunywa kahawa, hula halua, huzungumza, na chetezo kikishapitishwa huinuka akaenda zake. Hakuna anayemwambia. Miguu yake inajua. Wale vijana wakainuka wote kwa pamoja, kila mmoja akajifukiza ndevu na kanzu, wakashukuru, wakamwombea mama baraka, wakaondoka. Niliwaita. Mmoja aligeuka akanipungia mkono kwa adabu, akidhani ninawaaga.

Mdogo wangu alibaki ndani ya gari. Milango haikuweza kufunguka, kuta zilikuwa zimeibana kote kuwili. Ilibidi apenye baina ya vyuma na kutokea mlango wa nyuma, wa buti, na mtulinga wake, akipiga kelele. Fundi peke yake ndiye aliyebaki, kwa sababu kwao udi si ruhusa ya kuondoka. Mimi na yeye tulijaribu kulisukuma. Halikusogea hata kidogo, na tukaliacha pale pale.

"Mafi mushkila," fundi akasema kwa Kiarabu chake cha gereji, yaani hapana tabu, akijifuta jasho. Nilitaka kumpiga.

Siku ya baba ilikuwa Ijumaa. Alivaa kanzu safi, akachukua kiti chake mwenyewe, na akatembea nacho mtaani mbele yetu, mama nyuma na chetezo, mimi na chupa mbili za kahawa. Hapa tulikosea, na ni kosa ambalo hakuna mzungu wa magari angeweza kulifanya. Watu wazima wa mtaa walikuwa wanatoka msikitini. Wakamwona jirani yao mstaafu, kanzu safi, kiti, kahawa, chetezo. Wakajua ipo shughuli. Hakuna aliyeuliza shughuli ya nini, maana kuuliza ni utovu wa adabu. Wakatufuata.

Tulipofika kichochoroni walikuwa wazee tisa. Mmoja akaagiza mkeka. Wakakaa safu mbili, wamelielekea gari, kwa utulivu kama linakaribia kutoa hotuba. Mmoja akanong'ona kwamba bwana harusi labda ndiye yule aliyekaa chini ya bampa. Baba alinisogelea.

"Wape kahawa."

"Baba, upepo umeshaanza. Magharibi ikifika unakatika. Waambie."

"Niwaambie nini? Wageni hawa."

"Basi Mama awashe udi, tuanze."

Akanitazama kama nimemtukana babu yake. "Kabla ya kahawa? Watu wazima tisa, niwafukize kabla ya kahawa? Unataka tuhame mji?"

Hapo nikaiona shida yetu yote, nayo ilikuwa duara safi. Hatuwezi kupima mbele ya wageni. Wageni hawaondoki bila ya udi. Udi haupiti kabla ya kahawa. Na kahawa, kwa wazee wa Ibra siku ya Ijumaa, haina mwisho unaojulikana. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Mwenyeji wetu alikuwa anakonda pale mbele ya macho yangu. Walizungumza bei ya tende. Walizungumza mfereji wa mashamba, ambao mwaka ule maji yake yalikuwa haba. Mdogo wangu alikuwa amekaa chini ya bampa, ameshika spana, anautazama upepo ukivipeperusha vilemba vya watu bila ya kutumika. Ulikuwa msimu wake unaondoka kikombe kwa kikombe, na nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kusimama karibu yake.

Hatimaye baba akamwashiria mama. Udi ukapita. Wazee wakainuka, wakajifukiza, wakashukuru, wakampongeza mdogo wangu kwa jambo lake, lolote lile. Na baba, Wallahi, baba naye akainuka. Alijifukiza, akachukua kiti chake, akatoka na wageni, na alikuwa ameshafika kona ndipo alipokumbuka kuwa yeye ndiye mwenyeji, akarudi.

Tukashukuru Mungu, tukaanza. Mama akaweka chetezo mbele ya gari, akaongeza udi, moshi ukatoka mweupe, upepo ukaudaka. Mara tukasikia mtu anakuja mbio kutoka upande wa pili wa kichochoro.

Sikujua kwamba mwisho wa kichochoro ilikuwapo baraza ya wanaume, na kwamba mwenye baraza alikuwa na wageni waliotoka Sur kuja kuposa. Walikuwa bado kwenye tende. Harufu ya udi ilipowafikia, nzito, mawaridi matupu, walidhani mwenyeji amewaaga. Wakainuka, wamechukia, wakaenda kwenye magari yao.

"Nani kawafukuza wageni wangu?" aliuliza yule bwana, hana kilemba, anahema.

Baba alimwomba radhi kwa Kiarabu kizuri sana. Alieleza kwamba tunalipima gari. Yule bwana aliangalia gari lililokwama baina ya kuta, akaangalia chetezo mbele yake, akamwangalia mama.

"Linaumwa?"

"Liliumwa," baba akasema. "Twataka kujua kama limepona."

Hilo lilimwingia akilini. Akaliombea shifaa, akachukua halua yetu yote iliyobaki, akawakimbilia wakwe zake nayo.

Tulibaki wanne, na fundi. Jua lilikuwa limeshuka, upepo umebakia kidogo. Mdogo wangu alikifungua kile kipande cha mpira kwanza, kama nilivyomwambia, ili baba aone tofauti. Baba alivua kofia, akapiga magoti kwenye vumbi na kanzu yake safi, akainamisha kichwa mpaka shavu likakaribia kugusa ardhi. Mama akasogeza chetezo. Moshi ukaifuata pua ya gari, ukagonga bampa, ukagawika, na nusu yake ikaingia chini ya gari, nyeupe, nyingi, ikapotea gizani.

Baba hakusogea. "Huu ndio uliomwinua?"

"Ndio, Baba."

"Rudisha mpira."

Mdogo wangu akarudisha. Fundi akamsaidia. Safari hii moshi uligonga, ukasita, ukapanda. Ulipita juu ya boneti, ukateleza kwenye paa, ukaondoka. Chini uliingia kidogo sana. Baba alitaka kuona tena. Mama akamimina udi wake wa mwisho. Baba alipoinuka alikuwa na vumbi usoni na macho mekundu, na mimi nikasema ni moshi.

"Nimeuona," akasema.

Mdogo wangu alinyoosha mkono. Baba akautoa ufunguo, akampita, akanipa mimi.

"Utakaa kwa mwalimu. Kila siku ya mashindano atautazama upepo. Ukiwa mwema, atampa. Ukiwa mbaya, hatompa. Mie n'shachoka."

Hapo ndipo iliponipasa kusema. Upepo wa kile kichochoro haukufika hata robo ya upepo ambao gari hukutana nao mlimani, na tulichomwonyesha kilikuwa kweli ya chetezo, si lazima iwe kweli ya tuta. Nilijua. Lakini nilikuwa nimeshinda, na sijawahi kushinda mbele ya baba, nikafunga mkono juu ya ufunguo na nikaona fahari.

Mashindano ya kwanza yalikuwa upande wa Tanuf, asubuhi ya baridi kidogo. Magari kumi na manne yalipangwa chini ya mlima. Vijibendera vya mwanzo vilikuwa vinapepea kwa ubavu, mara vinalala, mara vinainuka ghafla. Upepo wa ubavu. Hatukuupima upepo wa ubavu. Hakuna kichochoro cha upepo wa ubavu. Nilisimama navitazama vile vijibendera, na fizikia yote niliyosomeshwa na niliyosomesha haikuniambia kama huo ni upepo mwema au mbaya.

"Dada, ufunguo. Wananiita."

Alikuwa ameshavaa helmeti. Macho tu yalionekana, na yalikuwa yanacheka. Mkono wangu haukufunguka. Aliutazama, akanitazama mimi, kicheko kikaondoka machoni mwake.

"Dada?"

Baba alikuwa ndani ya pikapu, hatua ishirini, ametupa kisogo. Nilimwona anangoja. Nikampa mdogo wangu ufunguo, nikaenda mpaka dirishani kwa baba.

"Umeutazama?" aliuliza bila ya kugeuka.

"Nimeutazama, Baba. Mwema."

Tulilisikia gari likiondoka, likipanda, kisha mwamba ukaikata sauti. Kutoka pale huoni barabara. Kuna kipaza sauti tu juu ya nguzo, na hakikuwa kinasema. Nilijiambia hesabu, nikahesabu, nikasahau nilipofika, nikaanza tena. Kila uzito, kila kasi, kila mshale niliomchorea baba kwa bluu na nyekundu ulikuwa umenikalia kifuani. Nilisema moyoni, nimemuua. Nilisema hivyo hasa, kwa maneno hayo.

Kipaza sauti kilikohoa, kikataja namba yake na muda wake. Kafika. Wa kumi na moja.

Baba alishuka kwenye pikapu. Akauchukua mkono wangu, uliokuwa bado umekunjwa kama umeshika ufunguo, akaufunika kwa mikono yake miwili.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nawe umekiogopa usichokiona. Sasa tuko wawili."